Mwulizeni Anaitwa Nani

Mtaa wetu wenyewe umebeba jina lililoandikwa vibaya kwa miaka mingi. Wanubi waliotangulia kukaa hapa, askari wa King's African Rifles waliotoka Sudan pamoja na jamaa zao, walipaita Kibra, yaani msitu, kwa kuwa msitu ndio walioukuta. Makarani wakaandika Kibera. Ramani zikawafuata makarani, matatu zikafuata ramani, nasi tuliokuja baadaye tukafuata matatu. Lakini wazee wa Kinubi wa Makina hawakuliacha jina lao. Waliendelea kusema Kibra nyumbani, msikitini na mbele ya kila meza ya serikali, mpaka uchaguzi wa 2013 tukapiga kura katika eneo bunge linaloitwa Kibra. Irabu moja tu ndiyo iliyozidi, na kuiondoa kulichukua vizazi.

Nimeanza na hilo kwa sababu nina ombi kwenu, majirani zangu wa Kambi Muru na ndugu zetu wa Kawangware, nalo linahusu jina la mtoto wa kike. Simsemei mtoto mmoja. Namsemea yeyote atakayezaliwa mwaka huu katika ploti zetu akapewa jina ambalo hujawahi kulisikia.

Dada yangu alipojifungua binti, jina alilompa liliushangaza ukoo mzima. Sitaliandika hapa. Ni la mtoto, naye hajafika umri wa kunipa ruhusa. Nitasema tu kwamba ni neno la Kiswahili tunalolijua sote, ila hatukuwahi kumsikia mtu akiitwa hivyo. Uchungu ulimshika usiku. Vichochoro vya huku ndani havipitiki na gari, basi wakamtembeza kwa mwanga wa simu mpaka barabarani, na kulipopambazuka mtoto alikuwa amekwisha kufika. Alichokiona dada kwenye majani nje ya dirisha la wodi asubuhi ile, kabla jua halijapanda, ndicho alichomwita bintiye.

Mtaani jina lilipokewa kwa vicheko. Mama mboga aliuliza mara tatu kama amesikia sawasawa. Jirani wa mlango wa pili alitaka kujua jina la ukweli ni lipi, akimaanisha la kanisani. Nyanya wa upande wa baba, aliyetazamia jina lake lirithiwe, alinyamaza kwenye simu mpaka dada akadhani laini imekatika. Hayo yalipita, maana mtoto mchanga hupendwa haraka kuliko jina lake. Lililoniuma lilikuja miaka minne baadaye. Siku ya kwanza ya shule mtoto alirudi na daftari jipya, na juu ya jalada, kwa mwandiko mzuri wa mwalimu, palikuwa na jina jingine kabisa, la kawaida, lenye herufi mbili tatu zinazofanana na za jina lake. Mwalimu hakuwa na nia mbaya. Alisema alirahisisha tu. Mtoto aliketi mlangoni akiligeuzageuza lile daftari, kisha akamwuliza mama yake: hili ni la nani?

Fikirini uzito wa swali hilo kwa jinsi tunavyoishi sisi. Katika ploti zetu, mwanamke akishapata mtoto, jina lake mwenyewe hulala. Anakuwa Mama Fulani. Mpangaji anaweza kukaa nasi miaka kumi, tukaazimana unga na makaa, tukachanga naye kwenye chama, na siku ya msiba wake ndipo tunapogundua kwenye tangazo la mazishi kwamba alikuwa na jina la kwake tangu utotoni. Kwa hiyo jina la mtoto wa kwanza ni la watu wawili. Mama anayemchagulia binti jina geni anajichagulia na lake. Ataitwa kwa jina hilo kwenye foleni ya maji, ataitwa kwalo anapodaiwa kodi na anapoalikwa harusini. Tukilicheka, yeye ndiye anayepita katikati yetu kila jioni akilibeba.

Na kwa nini tulione geni? Wengi wetu tumetoka kwa watu ambao tangu zamani walimtazama mtoto pamoja na saa aliyokujia. Mjaluo humwita Akinyi aliyezaliwa asubuhi, Achieng' wa jua kali, Adhiambo wa jioni, Atieno wa usiku, Akoth wa mvua. Mbukusu ana Nekesa wa mavuno na Nasimiyu wa kiangazi. Ana pia Nanjala, aliyezaliwa wakati wa njaa. Jina hilo hatulishangai kwa sababu masikio yetu yamelizoea, lakini hebu litazameni upya: mama amekonda, ghala ni tupu, mtoto amekuja hata hivyo, na mama hakuona haya kuuandika mwaka ule ndani ya bintiye. Nanjala wa kwanza kabisa lazima aliwashangaza watu wa kijiji chake.

Mwaka 1983 familia ya Profesa Peter Anyang' Nyong'o ilikuwa Mexico City, alikokuwa akifundisha chuoni. Binti akazaliwa huko. Kwa desturi hiyohiyo ya kumfunga mtoto na mahali na tukio, wazazi wakampa jina la wenyeji wao: Lupita, kifupisho cha Guadalupe. Neno si la Kijaluo, lakini namna ya kulipata ni ya Kijaluo kabisa. Aliporudishwa Kenya akiwa mchanga, naamini makarani wengi waliuliza linaandikwaje. Tangu alipopokea Oscar mwaka 2014, hakuna tena wa kuuliza. Nilipolifikiria hilo ndipo nilipomwelewa dada yangu. Wengi tulimlaumu kwamba ameacha mila, kumbe alikuwa ameishika kwa mikono miwili: alimtazama mtoto, akaitazama asubuhi, akaviunganisha.

Ipo sababu nyingine ya majina mageni hapa kwetu, nayo husemwa kwa sauti ya chini. Mtaani humu Mjaluo ameoa Mluhya, Mkamba ameolewa na Mkisii, Mnubi na Mkikuyu wana wajukuu wa pamoja. Mila ya Kikuyu iko wazi: binti wa kwanza ni wa nyanya mzaa baba, wa pili ni wa nyanya mzaa mama, na kwa jina hilo bibi huzaliwa upya. Ni mila nzuri mno. Nimemwona bibi akimkumbatia mjukuu na kumwita mama yangu, na chumba kizima kikanyamaza. Lakini nyumba yenye nyanya wawili wa lugha mbili na binti mmoja tu itafanyaje? Wazazi wengine huchagua jina la tatu, lisilo la upande wowote, ili wote wawili waweze kumpakata mtoto bila kinyongo. Sijaona kwamba wamewatupa nyanya.

Na wapo wanaokumbuka. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 mtaa huu uliwaka moto, na nchini kote kulikuwa na vizuizi ambapo watu walitakiwa kutoa vitambulisho ili majina yao yasomwe. Jina lilitosha kukupitisha, na lilitosha kukuangamiza. Aliyekuwa msichana wa miaka kumi wakati ule leo ana watoto. Akimpa bintiye jina ambalo halimwambii mtu yeyote ametoka kabila gani, msimwambie ameionea aibu asili yake. Keti naye umwulize usiku ule wa moto alilala wapi.

Kwa wazazi wenyewe nina neno pia, na nalisema kwa mapenzi. Ugeni wa jina peke yake hautoshi. Mwaka 1880 huko Fumba, Unguja, enzi za utumwa, alizaliwa binti katika nyumba ya kimaskini, akaitwa Mtumwa. Jina lilitaja hali aliyozaliwa nayo, likamsahau yeye. Alipokua na kuimba, watu wakamwita Siti, yaani bibi, mwanamke wa heshima, na ni Siti binti Saad aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri zake, na ni Siti ambaye Shaaban Robert aliandika wasifu wake. Alihitaji nusu ya maisha yake kulivua jina la kwanza. Hata leo tunao kina Shida, Tabu na Mashaka. Najua majina hayo yalitoka kwenye machozi ya mama zao, mara nyingine yalitolewa ili mauti yamdharau mtoto na kupita. Siyadharau. Nawaombeni tu, kabla ya kuyarudia, mjiulize kama shida ile ilikuwa ya mtoto au ilikuwa ya mwezi ule.

Furaha nayo iangaliwe. Rais Barack Obama alipozuru Kenya mwaka 2015, magazeti yaliandika juu ya mtoto wa magharibi mwa nchi aliyeitwa AirForceOne, kwa heshima ya ndege ya mgeni. Desturi ni ileile iliyompa Lupita jina lake, na shangwe ya mama yule ilikuwa ya kweli, kwa hiyo sina kicheko. Lakini ningemshauri mzazi yeyote alijaribu jina kabla ya kulitoa. Simama mlangoni jioni uliite kwa sauti kubwa, kama unavyomwita mtoto arudi kula. Lisome kama jina la muuguzi ukutani, kama jina la hakimu, kama jina la bibi wa miaka themanini. Kumbuka Nairobi haiachi jina likiwa zima: Brian amekuwa Brayo, Wanjiru amekuwa Shiru, na hilo lako nalo litakatwa; sikiliza kipande kitakachobaki kinasemaje. Halafu mtengenezee mtoto jibu. Mwenye jina geni huulizwa maana yake kila anapokutana na mtu mpya, tangu chekechea hadi uzeeni. Mpe sentensi moja ambayo mtoto wa miaka sita anaweza kuisema akiwa ameinua uso. Binti wa dada yangu husema, ni kile mama alichokiona nilipokuja. Hajawahi kukwama hapo.

Kisha liandikeni mapema. Ibara ya 53 ya Katiba ya 2010 inampa kila mtoto haki ya jina na uraia tangu kuzaliwa, lakini haki hiyo hupita kwenye karatasi. Aliyezaliwa hospitali hujaziwa fomu ya taarifa hukohuko. Aliyezaliwa nyumbani, taarifa yake hutolewa kwa naibu chifu. Usajili wa kawaida una miezi 6. Ukipita hapo unaingia kwenye usajili wa kuchelewa, wenye ushahidi zaidi na safari zaidi, na kila safari ni nauli na siku ya kibarua iliyopotea. Wenye majina mageni huchelewa mara nyingi kwa sababu ukoo bado unabishana. Bishaneni, lakini msipitishe miezi hiyo. Hata mkisajili na baadaye mkapata jina jingine, sheria inaruhusu jina la mtoto kubadilishwa au kuongezwa kwenye usajili ndani ya miaka 2.

Mama unayelea peke yako, hili ni lako. Zamani kifungu cha 12 cha sheria ya usajili wa vizazi kilizuia jina la baba kuandikwa kwa mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa, isipokuwa baba mwenyewe akubali. Mei 2016 Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu aliamua kwamba kifungu hicho kinapingana na Katiba. Usikubali kuondoka kwenye dirisha la usajili umeinamisha kichwa kwa kuambiwa tu kwamba mtoto wako hana baba.

Kabla hujaondoka dirishani, soma kila herufi. Achieng' bila ile alama ya mwisho hutamkwa kama jina la mtu mwingine, na fomu nyingi huidondosha. Wanjirũ hupoteza kofia yake kila siku bila mtu kuomba radhi. Profesa Wangari Maathai alipoachika, mume wa zamani alitaka aache kutumia jina lake. Yeye akaongeza a moja kwenye Mathai, na kuanzia hapo likawa lake mwenyewe. Ndilo lililosomwa Oslo mwaka 2004 alipopewa Nishani ya Nobel ya Amani. Herufi moja inaweza kumpa mtu nafsi yake au kumnyang'anya. Basi usione haya kumwambia karani, samahani ndugu yangu, naomba tuirudie.

Tuna bahati moja ambayo hatuiangalii. Kenya haina orodha ya majina yanayoruhusiwa. Kongo, enzi za Mobutu, mwaka 1972 watu walilazimishwa kuyaacha majina yao ya Kikristo, wapende wasipende. Iceland, nchi tajiri na yenye amani, ina kamati ya majina, na msichana aliyeitwa Blær, yaani upepo mwanana, aliishi hadi miaka 15 akiandikwa kwenye karatasi za serikali kama Msichana tu, kwa kuwa kamati ilisema hilo ni jina la kiume. Alishinda mahakamani Januari 2013. Sisi hakuna kamati inayotukatalia. Ila tusiwe kamati wenyewe, pale kwenye mlango wa kiliniki na kwenye benchi la fundi cherehani.

Maana hapa Kibra tunajua zaidi ya wengine jinsi jina linavyoweza kupimwa mezani. Kwa miongo mingi kijana Mnubi aliyetimiza miaka 18, mjukuu wa waliozaliwa hapahapa, alipokwenda kuomba kitambulisho alipelekwa mbele ya kamati ya msasa aeleze yeye ni nani, huku mwanafunzi mwenzake akipewa chake bila maswali hayo. Jina na jamii yake vilitosha kumfanya aonekane mgeni. Shauri la watoto wa Kinubi lilifika mpaka kwa Kamati ya Wataalamu wa Afrika kuhusu Haki na Ustawi wa Mtoto, na Machi 2011 kamati hiyo ikaamua kwamba Kenya iliwabagua na kuvunja haki zao za kusajiliwa na kuwa na uraia. Lilikuwa shauri la kwanza kabisa kuamuliwa na kamati hiyo. Barani kote, watoto wa kwanza kupata uamuzi pale walikuwa watoto wa majirani zetu. Baada ya hayo, sisi hasa tutamwambiaje binti mdogo kwamba jina lake si jina?

Kwa hiyo hili ndilo ombi langu. Walimu wa shule zetu, najua madarasa yamejaa na wengine mnafundisha watoto sitini kwenye chumba cha mabati kinachowaka jua. Hata hivyo, wiki ya kwanza ya muhula, mkifika kwenye jina msilolijua, simameni hapo. Mwacheni mtoto alitamke, nanyi mlitamke nyuma yake mara mbili mbele ya wenzake. Darasa zima litalijua kabla ya saa nne. Wauguzi, kwenye kijitabu cha mama na mtoto kuna mstari wa jina. Mwombeni mama aandike mwenyewe, au mwandikeni na kumsomea. Wachungaji na maimamu, mnaulizwa majina kuliko mtu yeyote. Kama jina halina uovu ndani yake, libarikini hata kama halimo katika vitabu mlivyozoea. Nyanya zetu, naomba niseme nanyi kwa unyenyekevu: mjukuu asiyebeba jina lako bado ana pua yako, na anaweza kuimba nyimbo zako. Mfundishe hizo.

Sisi majirani tumebakiwa na kazi ndogo kuliko zote, na ndiyo inayofanywa kila siku. Ukimkuta mama na mtoto mgongoni pale mferejini, mwulize mtoto anaitwa nani. Akijibu jina usilolijua, usiseme ati nini. Usiulize la kanisani. Sema, naomba ulirudie mama, kisha jaribu. Ukikosea, jaribu tena. Kesho yake ukimwona kwa mbali, mwite Mama Fulani kwa jina lile geni, kwa sauti ya kusikika ploti nzima.

Kuhusu daftari lile, dada yangu alikwenda shuleni asubuhi iliyofuata akiwa amejiandaa kwa maneno makali. Hakuyahitaji. Mwalimu alimsikiliza, akasema pole, akakata kipande cha karatasi nyeupe na kukibandika juu ya jina alilokuwa ameliandika. Halafu badala ya kuandika yeye, alichonga penseli na kumpa mtoto. Wenzake watatu wakasogea kutazama. Alianza na herufi kubwa mno, na alipofika mwisho karatasi ilikuwa imejaa, basi herufi ya mwisho akaiweka juu ya zile nyingine, peke yake, akaizungushia duara.